Mtafuna Mchele wa Ngonga

Tupokigwe alikuwa anatafuna mchele mbichi, na Ngonga nzima ilijua. Tuanze hapo hapo, maana wapo wasimuliaji wanaopenda kuzunguka mbuyu mpaka msikilizaji anasinzia.

Alitafuna akipepeta, alitafuna akiosha vyombo, alitafuna kanisani wakati wa matangazo. Wenzake walifunga hela kwenye pindo la kitenge. Yeye alifunga mchele. Mkono ulishuka kwenye fundo, ukatoka na punje nne tano, ukapanda mdomoni, na meno yakaanza kazi kabla mwenyewe hajajua. Ukimuuliza, "Mama, unakula nini?" alishtuka kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Sasa, watu wa Kyela mchele wao ndiyo heshima yao. Mpunga unalimwa, mchele unakobolewa, wali unaliwa, na kila jina lina mahali pake. Mtu mzima, mjane mwenye watoto watatu, kuula ungali njiani kuwa wali, hilo lilikuwa jambo la kuchekwa. Watoto wa shule walimwita Panya, na wazazi wao walijifanya kuwakemea huku wakificha meno. Utani ule ungeishia hapo, kama Tupokigwe asingekuwa ndiye mwenye ufunguo wa ghala la mbegu.

Ghala lilikuwa la kikundi cha Tuganane: wanawake ishirini na watatu, na katibu mmoja mwanaume, Samsoni, aliyeingizwa kwa sababu ya mwandiko wake mzuri na pikipiki yake. Mbegu yao ilikuwa ile ya zamani, yenye harufu inayomfikia jirani sufuria ikifunuliwa. Bibi zao waliitundika juu ya moto jikoni ili moshi uwafukuze wadudu, na mwiko ulikuwa mmoja tu: mbegu hailiwi. Njaa ije, maji yaje, mtoto alie, mbegu hailiwi. Siku hizi kulikuwa na ghala la matofali na kufuli ya Kichina, lakini mwiko ulikuwa uleule. Tupokigwe alikuwa ameshika ufunguo ule kwa miaka saba, na katika miaka hiyo yote hakugusa hata punje moja ya mbegu. Mchele wa kwenye fundo ulitoka kwenye debe la nyumbani kwake.

Na sasa walikuwa wanasema amekula mbegu.

Ilianzia kwenye mavuno ya Juni. Shuke moja lilikuwa limeiva, la pembeni yake bado kijani, katika kila shamba la kikundi bila kubagua. Mpunga ulipokobolewa, harufu ilikuwa nusu. Doreen, mwanakikundi ambaye biashara yake ni kupeleka mchele Kasumulu na ng'ambo ya mto Songwe, alirudi na magunia yaleyale aliyoondoka nayo. Mnunuzi alikuwa ametumbukiza pua ndani ya gunia, akacheka, akamwambia huu wa Kyela labda ulipita Kyela usingizini.

Watu walitafuta mchawi, na Samsoni hakuwachelewesha. "Mimi simtaji mtu," alisema pale mashineni, mbele ya watu wa kutosha. "Nauliza tu. Mwenye ufunguo ni nani? Na anayeshindwa kuuacha mchele hata dakika kumi ni nani? Mtu akila mbegu kidogo kidogo, siku ya kugawa itabidi ajazie kwa mpunga wa kuokoteza. Hilo halihitaji shule."

Maneno yale yalikuwa na miguu. Kufika Jumapili yalikuwa yameshaingia kanisani na kukaa benchi la mbele. Lisemwalo lipo, wakasema, na Tupokigwe aliyasikia akiwa na mdomo uliojaa mchele.

Kilichompeleka kwenye kituo cha afya mjini Kyela ni kokoto. Mwezi wa nane alitafuna punje iliyokuwa si punje, na gego lake likapasuka vipande viwili. Daktari aliling'oa, akayatazama meno yaliyobaki, akayaona yamelika kama kisigino cha ndala ya zamani. Akampeleka chumba cha pili kwa nesi aliyeitwa Lusungu, binti wa miaka ishirini na nane, mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na haraka.

Lusungu alipima damu. Ilikuwa ndogo. "Mama, wakati mwingine damu ikipungua mwili unatamani vitu kama mchele, udongo, barafu. Nakupa vidonge. Urudi baada ya mwezi."

Alirudi baada ya mwezi. Damu ilikuwa imepanda vizuri, na kwenye benchi la kusubiria alikuwa amemaliza fundo zima.

"Damu imerudi," alisema Lusungu. "Sasa tuzungumze na huo mkono. Ulianza lini?"

"Mwaka wa maji."

Hakuwa amewahi kumsimulia mtu, maana kila mtu Ngonga ana mwaka wake wa maji na hakuna anayetaka wa mwenzake. Lakini nesi alingoja. Basi akamwambia: ilikuwa Aprili, miaka minne iliyopita, mwaka mmoja baada ya kumzika mume wake. Maji ya mto yaliingia asubuhi, yakafika kitandani kabla ya saa tatu. Alipanga magunia akapanda juu yake na wanawe wawili wakubwa, na mdogo, Lugano, akamweka mabegani. Walikaa hivyo mchana kutwa. Kuni zilikuwa zimeelea zikaenda zake. Alitoboa gunia kwa kidole, akawapa watoto mchele mkavu, naye akatafuna. Kila maji yalipopanda kidogo, alitafuna. Mtumbwi ulipowafikia jioni, taya lilikuwa linauma kuliko mabega.

"Na maji yalishuka lini?" Lusungu aliuliza.

"Siku ya tatu."

"Mwili wako umeambiwa?"

Tupokigwe alimtazama kuona kama anataniwa. Nesi hakuwa anatania.

"Mwanangu," alisema, "nimejaribu yote. Nimepaka pilipili vidoleni, nikaishia kujiwasha macho. Nimeapa. Nimeombewa mara mbili, na ya pili mchungaji mwenyewe ndiye aliyeniambia nipande gari nije hospitali. Nimejikaza mpaka nimechoka."

"Basi leo sitaki ujikaze. Mkono ukienda, usiupige. Sema tu moyoni, mkono unakwenda. Halafu sikiliza mwili: mabega yako wapi, tumbo likoje, pumzi umeiacha wapi. Weka nyayo chini, zisikie. Ukingoja kidogo, ile hamu inapanda, inafika juu, halafu inashuka yenyewe. Na kama bado unautaka mchele, kula. Ila kula punje moja, uwepo hapo hapo mpaka iishe."

"Nesi, nimetoka Ngonga kwa nauli yangu uje unifundishe kula mchele?"

"Toa punje moja."

Alitoa, kwa hasira. Aliambiwa aitazame kwanza, akaitazama. Ilikuwa na alama nyeupe tumboni. Aliambiwa ainuse. Aliambiwa aiweke ulimini asiitafune, kisha aing'ate mara moja, asubiri. Alikuwa anajiona mjinga kweli kweli. Halafu punje ikalainika, na kutoka katikati yake ukaja utamu mdogo, na nyuma ya utamu ile harufu ya sufuria inapofunuliwa. Alikuwa ametafuna debe kwa debe kwa miaka minne, na mchele hakuwa ameuonja.

Msidhani alipona siku ile. Wiki ya kwanza aliukuta mkono umeshamaliza kazi na punje ziko tumboni. Wiki ya pili aliukamata mdomoni. Baadaye aliuona ukiwa kifuani, ukipanda. Kisha aliuona ukiwa bado kwenye fundo. Na siku moja, akipepeta mchele kibarazani, aliona kitu kinachoutangulia mkono: mabega. Yalikuwa yanapanda taratibu kuelekea masikioni, yakikaza, kama yamebeba mtoto. Lugano wakati huo alikuwa na miaka minane na alikuwa anacheza mpira barabarani, mzima kabisa, mchafu kupita kiasi. Mabega yalikuwa bado yanamshikilia juu ya maji.

Alilia. Sioni haja ya kulificha hilo. Kisha akapangusa uso kwa kanga, akayaambia mabega yake kwa sauti, kama mtu anayewafukuza kuku jikoni: "Maji yameshaondoka. Teremkeni." Yaliteremka. Baada ya robo saa yalipanda tena, naye akayaambia tena.

Kibarazani hapo hapo ndipo alipogundua lile jingine. Ilikuwa mwezi wa kumi. Alikuwa amekaa na mchele wa mavuno yale yaliyoharibika, akifanya zoezi lake la punje moja. Ya kwanza ilileta utamu na harufu. Ya pili haikuleta kitu. Ilikuwa kama kutafuna kibanzi cha ubao. Alidhani mdomo wake umechoka, akasukutua maji, akajaribu tena. Ya tatu ilikuwa na harufu. Ya nne ubao. Akaanza kuzitazama kabla ya kuonja, akaona ile ya ubao ni fupi kidogo, haina alama nyeupe tumboni. Jioni ile alitenga mafungu mawili kwenye ungo, na mafungu yote mawili yalikuwa makubwa.

Hapo akakumbuka magunia ya Makwale.

Desemba iliyotangulia, unyevu ulikuwa umeharibu sehemu ya mbegu ghalani, na kikundi kilimtuma Samsoni aende Makwale kwa wakulima wanaolima mbegu ileile, akalete magunia matatu. Alirudi nayo siku hiyo hiyo, kila moja limeandikwa MAKWALE kwa mwandiko wake mzuri. Kisha ikafuata desturi ya Tuganane: siku ya kugawa, magunia yote yanamwagwa kwenye turubai moja, yanachanganywa kwa majembe, ndipo kila mama anapewa madebe yake. Wanafanya hivyo ili asiwepo wa kusema mwenzake alipendelewa. Ni desturi nzuri, na ndiyo iliyowaponza. Gunia moja likiwa baya kwenye turubai lile, mashamba yote ishirini na matatu yanaumwa pamoja. Ila kati ya magunia yote, matatu hayakumwagwa. Yaliachwa kama akiba ya kupanda upya mafuriko yakitokea. Mawili yalikuwa ya kikundi, na moja la Makwale. Yalikuwa bado ghalani, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

Angeweza kufungua usiku wowote akaonja. Hakufungua. Mbegu hailiwi. Na hata angeonja, nani angemsikiliza Panya akija na habari za mchele?

Siku nne kabla ya mkutano wa Novemba, Samsoni alikuja nyumbani. Aliegesha pikipiki chini ya mgomba, akasalimia, "Ugonile, mama," kwa adabu zote, akakaa kwenye kigoda alichopewa.

"Mama yangu, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Nakuonea huruma. Nikabidhi ufunguo leo, kimya kimya. Mkutanoni nitasema umechoka, umeomba kupumzika. Hakuna atakayekutukana. Shemeji yangu Stella ataushika."

Akufukuzaye hakwambii toka. Tupokigwe alisikia mabega yanapanda. Alisikia tumbo linakaza chini ya mbavu, na mkono wa kulia ukianza safari yake. Aliutazama. Samsoni naye aliutazama, akatabasamu kidogo, na tabasamu lile ndilo lililomsaidia Tupokigwe kuliko vidonge vyote. Aliuacha mkono ufike kwenye fundo, aukute mchele, halafu akaurudisha pajani mtupu.

"Tata Samsoni," alisema, akimwita baba kwa adabu ileile, "huu ufunguo nilipewa mkutanoni, na watu wakapiga makofi. Kama unaondoka, utaondokea hapo hapo. Niambieni mbele ya watu."

"Utaaibika."

"Nimeshaaibika. Watoto wananiita Panya. Umebakiza nini mfukoni?"

Samsoni aliinuka bila kumaliza maji aliyopewa.

Mkutano ulikuwa Jumamosi saa nane mchana, kwenye kibaraza cha ghala, na joto lilikuwa lile la kabla ya mvua, linalomfanya mtu ajisikie amevaa blanketi. Mwenyekiti alikuwa Kisa, mama wa makamo, mzito wa mwili na wa maneno, ambaye hajawahi kuonekana akikimbia. Wanawake walikaa kwenye mikeka. Tupokigwe alikaa mbele, miguu peku, nyayo zote mbili zimekanyaga saruji.

Samsoni alifungua daftari, akasoma ajenda. Ya tatu ilikuwa "Ufunguo wa ghala." Kabla ya kusoma ya nne, aliinama kwenye mfuko wake, akatoa bakuli jeupe la bati lililojaa mchele, akaliweka kwenye saruji mbele ya Tupokigwe, karibu kabisa na magoti yake.

"Hili si la kumdhalilisha mtu," alisema. "Wanakikundi mjionee wenyewe. Mkutano huu hautazidi saa mbili. Kama mama yetu anaweza kukaa na bakuli la mchele saa mbili bila kula, mimi nitakuwa wa kwanza kumwomba radhi."

Wengine waliguna. Wengine, nasema ukweli, walisogea ili waone vizuri. Kisa alifungua mdomo, lakini Tupokigwe alimtangulia.

"Liache, mama mwenyekiti. Mkutano uendelee."

Ajenda ya kwanza ilikuwa mitaro. Wakabishana kuhusu mitaro. Tupokigwe hakuisikia hata nusu yake, maana alikuwa na mkutano wake mwingine. Mchele ulikuwa umetoka mashineni asubuhi, ulikuwa bado na joto la pumba, na kila upepo mdogo ulimletea. Mate yalijaa. Mkono unakwenda, alisema moyoni. Mabega yamefika masikioni. Tumbo ni jiwe. Alizisikia nyayo zake, saruji ya moto, chembe ya mchanga chini ya kidole gumba. Hamu ilipanda mpaka kwenye koo, machozi yakamlengalenga. Alisikia nyuma yake mtu ananong'ona, "Sasa hivi." Alitaka kugeuka ampige mtu huyo kofi. Na hasira aliisikia pia, mahali ilipokaa, kwenye taya, akalilegeza taya. Nikila, alijiambia, nitakula siku niliyochagua mimi, si siku aliyonichagulia huyu.

Hamu ilifika juu. Ikakaa hapo muda mrefu kuliko alivyoahidiwa na nesi. Kisha ikashuka.

Ilirudi wakati wa ajenda ya pili, ikapanda, ikashuka. Ilirudi mara ya tatu wakati Samsoni alipokuwa anasoma ya ufunguo, na safari hii mkono ulitoka pajani ukafika ukingoni mwa bakuli. Vidole viligusa bati. Tupokigwe aliviacha vikae hapo, vikitetemeka mbele ya wanawake ishirini na wawili, mpaka vikaacha kutetemeka. Hakuuficha mkono. Kisha aliusukuma ule ukingo, bakuli likasogea kidogo, akainuka.

"Nimemsikia katibu," alisema. "Sasa mnisikie mimi. Natafuna mchele mbichi. Natafuna tangu mwaka wa maji, na kila mmoja wenu ana kitu alichokitoa kwenye maji yale, hata kama amekificha vizuri kuliko mimi. Najitibu. Sijapona. Kesho huenda nikatafuna. Lakini mbegu sikula, na sikujazia. Mnataka kujua nani aliyejazia? Leteni yale magunia matatu ya akiba, nitafune."

"Mbegu hailiwi," alisema Samsoni haraka. Haraka mno, nadhani, maana Kisa alimgeukia.

"Hailiwi," alisema Kisa polepole. "Lakini bibi yangu aliing'ata kupima ukavu, kisha akaitema. Kupima si kula. Utatema, Tupokigwe?"

"Nitatema."

Katika miaka minne hakuwa ametema hata punje moja, na hilo hakulisema.

Kisa mwenyewe aliingia ghalani. Alitoa konzi moja kutoka kila gunia, akakoboa kwenye kinu kidogo, akaweka kwenye visahani vitatu anavyovijua yeye peke yake. Tupokigwe alifungwa kanga machoni. Kwenye giza lile la kanga alihisi mabega yanapanda, akayaambia kimoyomoyo lile neno lake, yakashuka. Alipewa punje ya kwanza. Aliiweka ulimini. Hakuitafuna. Watu walikuwa wanasubiri, na yeye aliwaacha wasubiri, maana punje haina haraka. Aliing'ata mara moja. Utamu ulikuja, na harufu nyuma yake. Alitema kwenye kikombe.

"Yetu."

Ya pili ilikuwa yao pia. Ya tatu aliing'ata, akangoja, akangoja tena.

"Hii si ya kwetu. Na Makwale imetengwa nasi na mto tu, mbegu ni moja. Hii haikutoka Makwale."

Kisa alivuruga visahani, akampa tena. Akavuruga tena. Mara tatu Tupokigwe aliikataa punje ileile, na mara tatu alitema. Kisa alimfungua kanga, akainua kisahani cha tatu ili wote wakione. "Hiki kimetoka kwenye gunia lililoandikwa Makwale," alisema.

"Ni kubahatisha," alisema Samsoni. "Mtafuna mchele ndiye atakuwa shahidi wetu?"

Doreen aliinuka kutoka kwenye mkeka. Alichukua punje mbili kutoka kwenye kile kisahani, akazitia mdomoni, akatafuna akitazama mbali. "Mimi huu naujua," alisema. "Huu unauzwa Kasumulu, pale karibu na mpaka, kwa jumla. Hauna ubaya. Ila si mbegu yetu." Kisha akachukua kutoka kisahani cha kwanza ili alinganishe, na mama aliyekuwa kando yake akanyoosha mkono naye aonje, na wa nyuma yake akasema mpitishe huku.

Njia ya mwongo ni fupi. Hii ilianza Kasumulu ikaishia kwenye visahani vitatu. Visahani vilizunguka kibaraza kizima. Kila mama alichukua punje, akanusa, akang'ata, akafumba macho. Baadhi walisahau kutema wakaenda kutafuta nyingine. Kulikuwa na sauti ya meno tu, krakra, krakra, wanawake ishirini na wawili wa Tuganane wakitafuna mchele mbichi mchana kweupe, wenye heshima zao, wengine wakiwa ni walewale waliokuwa wakiwakemea watoto huku wakificha meno.

Tupokigwe aliwatazama, na mdomo wake ulikuwa mtupu.

"Njia ya Makwale ilikuwa tope mpaka magotini," alisema Samsoni hatimaye, akilitazama daftari lake. "Pikipiki ilikwama mara mbili. Nikasema mpunga ni mpunga." Alilifunga daftari. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Nisamehe, mama."

"Nimekusikia," alisema Tupokigwe. Hakusema amesamehe. Hilo lingekuja kwa wakati wake, au lisije.

Kisa aliuliza nani anataka ufunguo uhame. Hakuna mkono ulioinuka. Ila mama mmoja wa nyuma, bado anatafuna, alisema labda Tupokigwe aapishwe basi, kwamba hatakula tena mchele mbichi, ili mambo yaishe vizuri.

"Siapi," alisema Tupokigwe. "Mkono huu unainuka mara thelathini kwa siku, nami nautazama mara thelathini. Mkitaka mlinzi asiye na hofu, kamchukueni makaburini. Nyie mlioonja leo mmeapa?"

Yule mama aliacha kutafuna. Kisa alicheka mpaka mabega yakatikisika, akasema ajenda ya nne ni kwenda Makwale, na safari hii wataenda wanawake, kwa miguu.

Samsoni aliinama kuchukua bakuli lake.

"Acha hapo," alisema Tupokigwe.

Lilikaa hapo mbele ya magoti yake mpaka "Mengineyo" na sala ya kufunga. Mkono ulipanda mara mbili, na mara mbili aliurudisha, na hakuna aliyekuwa anahesabu tena isipokuwa yeye. Watu walipotawanyika, alilichukua bakuli akaenda nalo nyumbani, akauosha ule mchele, akaubandika, akakaanga dagaa wa usipa. Lugano aliingia na vumbi lake lote akauliza wali huu umetoka wapi.

"Umetoka kwa katibu," alisema mama yake. "Nawa mikono, ukae chini, tule polepole."